Kuifuata timu ya mkiani ugenini: ligi za chini za Uingereza

Kabla ya kuangalia msimamo wa ligi, angalia mvua. Katika soka la Uingereza lililo chini ya ligi nne za juu, lile ambalo wenyewe huliita non-league, safari nyingi za ugenini huharibika kabla mpira haujapigwa. Kipigo cha 4–0 shabiki wa timu ya mkiani anakwenda akikitarajia. Asichotarajia ni kufika na kukuta geti limefungwa, mwamuzi ameshaghairi mechi.

Kuanzia Novemba hadi Februari, viwanja vingi vya daraja la saba na la nane hutuamisha maji au huganda. Mwamuzi hukagua asubuhi, na kama hali ni ya mashaka hurudia tena mchana. Kwa hiyo usitoke nyumbani kabla ya kusoma tangazo la klabu mwenyeji. Tangazo la timu yako huchelewa. Miezi hiyo ogopa tiketi ya treni ya Advance, ile inayokatwa mapema. Ni rahisi, lakini imefungwa na treni moja na ukighairi safari fedha hairudi. Off-Peak, ya saa zisizo na msongamano, ni ghali kidogo, ila haikufungi na treni moja, na hurudishwa kwa kukatwa ada ukiomba mapema. Mkiwa watatu hadi tisa ulizeni punguzo la GroupSave, theluthi nzima kwenye kampuni nyingi za treni. Mwenyeji mwenye nyasi bandia ni afadhali, maana mvua haimsumbui sana. Huku chini nyasi hizo zinaruhusiwa. Ligi za juu zinazikataa, ndiyo maana Sutton United walipopanda mwaka 2021 walilazimika kuzing'oa.

Mechi za Jumanne usiku zinahitaji hesabu. Mpira unaanza saa 1:45 usiku. Weka dakika 90, mapumziko 15 na nyongeza, filimbi ya mwisho ni kama saa 3:40. Ukitembea dakika 25 hadi stesheni, umeshapita saa 4. Kama treni ya mwisho inaondoka kabla ya saa 4:15, tafuta gari la mtu au baki nyumbani. Mechi ya FA Trophy, kombe la timu za non-league, ikiisha kwa sare huenda moja kwa moja kwenye penalti, ongeza robo saa.

Basi la mashabiki ndilo linalovunja vyama vingi vya timu zinazofungwa. Tuseme basi la viti 49 linakodiwa kwa pauni 700. Likijaa, kila mtu analipa pauni 14 na senti. Timu ikipoteza mechi sita mfululizo wanabaki watu 22, na kila mmoja anadaiwa karibu pauni 32. Wakisikia bei hiyo, wengine watano wanajitoa. Anayekusanya nauli asubuhi ya safari ndiye anayebaki na deni. Kusanya fedha hadi Jumatano, na wasipotimia 35 ghairi basi siku hiyohiyo, mgawane kwenye magari. Mkifikiria basi dogo la abiria 16, kagueni leseni ya dereva kwanza. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo tangu 1 Januari 1997 hapati kundi la D1, la mabasi madogo, hivihivi, na abiria wakichangia nauli mambo yanazidi kuwa magumu. Daraja la tano, National League, ni la nchi nzima: msimu wa 2025–26 Truro City wa Cornwall na Gateshead wa kaskazini-mashariki walikuwa ligi moja, zaidi ya maili 400 kwenda tu.

Aliyezoea Simba na Yanga kutengewa majukwaa atashangaa. Kwenye mechi nyingi za madaraja haya mashabiki hawatenganishwi. Mnasimama nyuma ya goli mnaloshambulia, na wakati wa mapumziko pande zote mbili zinapishana kwenye njia moja kuhamia upande wa pili. Kwa hiyo bendera usiikaze kwa fundo gumu, utaifungua tena kwa vidole vilivyoganda. Ngoma, piga simu uulize kwanza. Noti za pauni 20 ziwe mfukoni, kuna mageti ambayo mashine ya kadi hugoma au haipo.

Pombe ina sheria yake, ya mwaka 1985. Daraja la tano huruhusiwi kunywa mahali unapoona uwanja, wala ndani ya basi la kukodi mkienda. Daraja la sita kushuka chini sheria hiyo haikugusi, labda klabu yenyewe ikatae. Ndiyo faida pekee ya kushuka daraja tunayoijua. Anayekula halali asitegemee kibanda cha uwanjani; hata Bovril, kinywaji cha moto cha viwanjani, ni mchuzi wa ng'ombe. Sambusa mbili kwenye foili zinatosha. Na miguuni, soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana zinazidisha baridi. Vaa kiatu kinachozidi saizi yako kwa namba moja, kwa sababu baridi hupandia kwenye zege.

Wimbo wa mchezaji usiutunge mapema. Wengi hawana mkataba, na klabu nyingine ikitoa notisi ya siku saba inaweza kumfuata. Shujaa wa Agosti unaweza kumkuta Oktoba amevaa jezi ya wenyeji wenu. Soma orodha ya kikosi kabla ya kupaza sauti; kwa watu 200 uwanjani, kila neno linamfikia mlengwa.

Kuhusu fedha, kiingilio cha mechi ya ligi hubaki kwa mwenyeji. Pauni zako 15 za ugenini haziisaidii timu yako kulipa mishahara. Katika FA Cup mapato hugawanywa, hivyo safari hizo zina uzito zaidi. Kama mfuko ni mdogo, lipa za nyumbani kwanza, kisha chagua ugenini dhidi ya majirani wa mkiani, hasa kuanzia Februari. Huko ndiko pointi zinakopatikana, na ndiko wachezaji wanakohitaji kusikia sauti wanayoijua.

Jumamosi mpira unaisha kama saa 10:55 alasiri. Usikate treni ya saa 11:10. Kata inayofuata, wachezaji wakija kuwapigia makofi mashabiki wa ugenini wawakute mpo.