Kabla Hujabuni Mandhari, Sema Umesimama Wapi

Jua limezama tena baharini Bagamoyo. Kila kundi jipya likiingia studio, haziishi wiki mbili kabla kanvasi hiyo haijatokea: anga la machungwa, jahazi jeusi, duara jekundu linaloingia majini, na kwenye kona maandishi "Machweo, Bagamoyo". Ukimuuliza mwenye kazi anajibu kwa adabu zote, "Lakini mwalimu, si nimebuni?" Umebuni, hatukatai. Ila Bagamoyo inatazama mashariki. Jua lake hutoka majini alfajiri, na jioni huzama bara, nyuma ya minazi, mgongoni mwa anayetazama jahazi. Anayetaka lizame baharini avuke aende Forodhani, Zanzibar, maana Mji Mkongwe ndio unaotazama magharibi.

Haya basi ni yenu, wadogo zetu mnaochora mandhari kutoka kichwani, bila kukaa mahali penyewe na bila picha ya simu. Tunachukulia kwamba jeso, ile nyeupe ya kwanza ya kanvasi, mnajua kuitandika na brashi mnaosha. Kama brashi huoshi, hiyo ni kesi nyingine.

1. Nyuma ya kanvasi andika kwa penseli mambo manne kabla hujagusa rangi: nimesimama wapi, saa ngapi, mwezi gani, upepo unatoka wapi.

Mnacheka, mnaona ni somo la jiografia. Chukueni Dar es Salaam, adhuhuri. Mwezi wa sita jua liko upande wa kaskazini, vivuli vinaanguka kusini, na mtu wa sentimita 160 anatoa kivuli cha kama sentimita 90. Mwezi wa kumi na mbili jua limehamia kusini, kivuli kinaanguka kaskazini na hakifiki hata sentimita 50. Mwanzoni mwa Machi, na tena kwenye tarehe 10 hivi ya Oktoba, jua linapita utosini na kivuli kinajificha miguuni. Kwa hiyo vile vivuli virefu mnavyovitandaza sokoni huku anga likiwa na bluu ya adhuhuri havina baba. Mnavitaka? Rudisheni saa. Saa moja hivi baada ya jua kutoka, kivuli ni karibu mara nne ya urefu wa kitu. Ila saa hiyo anga limepauka upande wa jua, ukuta unaotazama mashariki una umanjano, na ule wa pili una ubuluu. Ukibadilisha kivuli umebadilisha picha nzima.

2. Mwezi. Mmezoea ule wa kwenye bendera, umesimama wima katikati ya usiku, na nyota imekaa katikati ya pembe. Mwezi mwandamo huliandama jua: unaonekana magharibi jua likishazama, unakaa kidogo, nao unazama. Na huku kwetu karibu na Ikweta hulala kama mtumbwi, tumbo likielekea pale jua lilipoingia. Nyota katikati ya pembe haiwezekani; pale pana mwezi wenyewe, upande wenye giza. Mwezi mpevu nao huchomoza mashariki wakati jua linazama magharibi, kwa hiyo usiuweke pembeni mwa jua la jioni kama vile wanapiga soga.

3. Upepo ni mmoja kwa picha nzima: tanga, moshi wa jiko, makuti na ncha ya kanga vyote viende upande mmoja, uwe umeamua ni kaskazi au kusi.

4. Upeo wa macho. Hapa tukae kitako. Kosa hili hakuna aliyelikwepa, na anayesema alilikwepa basi aliuza ile kanvasi kwa mtalii kabla hatujaiona.

Linaanza hivi. Kanvasi ya sentimita 60 kwa 90, imelazwa. Mstari wa bahari unaupiga sentimita 40 kutoka chini, kwa sababu unataka mchanga mwingi wa kuwekea watu. Halafu unaanza na unachokipenda: mama muuza samaki, mbele kabisa, nyayo zake sentimita 4 kutoka chini, urefu wake sentimita 27. Unampa siku mbili. Kila ua la kanga, kila gamba la samaki kwenye ungo. Siku ya tatu unamweka mvuvi kule nyuma karibu na maji, nyayo kwenye sentimita 34. Unamfanya nusu ya mama, sentimita 14 hivi, ukiamini ameshakuwa mbali. Siku ya nne ngalawa, ubavu mtupu, ndani haionekani. Siku ya tano minazi, kuti moja moja. Siku ya sita unarudi nyuma hatua nne utazame kazi yako, na tumbo linakata.

Huoni kosa liko wapi, unaona tu kwamba ufukwe umesimama kama ukuta na mvuvi anatisha. Sasa hesabu. Kutoka nyayo za mama hadi mstari wa bahari ni sentimita 36, na yeye amechukua 27. Kama ni mtu wa sentimita 160, macho ya anayetazama yako mita 2.1 juu ya mchanga. Tuseme umesimama juu ya kreti mbili. Kutoka nyayo za mvuvi hadi mstari huohuo ni sentimita 6, yaani ile ile mita 2.1. Lakini umempa sentimita 14. Mvuvi wako ana karibu mita tano. Alitakiwa awe na sentimita 4 na nusu, mdogo kuliko kidole gumba, na kichwa chake kisiguse anga.

Kisha yanafuata yale tunayoona haya kuyasimulia. Badala ya kumfuta mvuvi, maana umempenda, unamwekea kichuguu chini ya miguu. Kichuguu, ufukweni. Kesho yake kinageuzwa jiwe. Jiwe linadai kivuli, kivuli kinaangukia ngalawa. Basi unaamua kupandisha bahari hadi sentimita 50. Mvuvi anapungua hadi mita 2.4, afadhali. Ila sasa anayetazama amepanda juu zaidi, na ngalawa ilitakiwa ionyeshe ndani yake, mataruma, yaani mbavu zake, na maji yaliyotuama, na wewe ulishachora ubavu mtupu. Zaidi ya hapo anga la chini ulishalipaka siku ya kwanza. Unachanganya bluu ile ile ya bahari, unaipaka ikiwa mbichi inalingana kabisa, na ikikauka imekuwa nzito zaidi, kwa kuwa akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, hukolea ikikauka. Picha inabaki na kiraka kama suruali ya shule. Wiki mbili na kanvasi nzuri zimekwenda, wakati dawa ilikuwa rula na dakika mbili za siku ya kwanza.

Na lugha yetu ilishatuambia. Upeo wa macho: mstari wa bahari uko sawasawa na macho yako, ukichuchumaa unashuka nawe, ukipanda ghorofani unapanda nawe. Kwenye tambarare, umbali kutoka nyayo za mtu yeyote hadi mstari ule ndio kimo cha macho yako, awe mbele au nyuma. Ukiwa umesimama mchangani na macho yako mita 1.5, watu wazima wote wa kimo chako waliosimama wanakatwa na mstari machoni, hata yule aliye mdogo kama njugu. Mtoto wa mita moja anafika theluthi mbili. Mnazi wa mita 15 ni mara kumi ya umbali ule, kwa hiyo wa karibu hautoshi kwenye kanvasi, na vizuri usitoshe. Ukiwa darini, macho mita 6 juu, mtu anajaza robo tu, na jahazi linafunguka ndani kama sahani. Ukiwa mchangani bahari unayoiona inaishia kama kilomita 4.4, ukiwa darini 8.7; jahazi lililovuka hapo limezamisha ubavu, yanabaki tanga na foromali, ule mti unaolibeba. Hilo nalo hamlichori, na ni zuri mno.

5. Kilimanjaro. Ukiwa Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia. Ukiwa Amboseli, upande wa Kenya, ni kinyume. Nusu ya "Mlima kutoka Moshi" tunazoletewa zimenakiliwa kutoka postikadi ya Amboseli, tembo wakiwemo, kisha zikapandikizwa migomba. Kibo ina mita 5,895 na Mawenzi 5,149, kwa hiyo usizilinganishe kama masikio ya paka. Halafu mnapaka chini pawe peusi, na kadiri mnavyopanda mnapausha. Hewa nzito iko chini. Mlima hupotelea kwenye kitako, kilele kikabaki na makali. Kwa kitako: nyeupe nyingi, ultramarini (bluu iliyokolea) kidogo, na tone la kahawia ya siena la kuua utamu. Vumbi la kiangazi huongeza umanjano kule mbali. Mvua ikishanyesha hewa husafika na mlima husogea kama umekuja kukusalimia. Amueni ni msimu gani. Saa sita mchana mara nyingi mlima hauonekani kabisa kwa mawingu, kwa hiyo picha ya adhuhuri ya mlima mweupe peee ijitetee yenyewe.

6. Ya haraka haraka. Nyeusi ya kopo isiguse kivuli. Ultramarini na siena vinatosha. Kijani cha tyubu kivunjwe kwa wekundu kabla hakijafika kwenye jani. Akriliki isipakwe juu ya rangi ya mafuta, itabanduka. Mafuta juu ya akriliki kavu, sawa. Na ile "rangi ya mafuta" ya dukani kwa fundi ni ya milango na mageti, si ya tyubu. Mwaka huu mmoja ameichanganya na mafuta ya kitani, na tangu hapo hatusemi zaidi.

7. Kichwani huna picha, una majina tu. Una "mnazi", una "mawimbi", na mkono unachora jina. Picha lazima uiingize. Kaa mbele ya kitu dakika kumi bila penseli, geuka, chora, geuka tena usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ule wekundu ndio somo la siku. Mchoraji James McNeill Whistler, London miaka ya 1870, alifanya hivyo usiku kando ya mto Thames: anatazama, anageuza mgongo, anamtajia mwenzake kila alichokiona, mwenzake anamsahihisha. Picha aliipaka baadaye, studio. Makerere, Margaret Trowell aliyeanza kufundisha miaka ya 1930 aliwasimulia wanafunzi tukio kwa maneno, wakachora wanavyoliona ndani. Fanyeni wawili wawili. Mmoja asimulie njia ya kwao hadi kisimani, mwingine achore, na msimuliaji asicheke mpaka mwisho.

Ukikwama kabisa, kuna njia ya Alexander Cozens, Mwingereza wa karne ya 18: finya karatasi mkononi ijikunjekunje, ifungue, tupia mabaka ya wino kwa brashi nene bila kufikiri sana, kisha tandika karatasi nyembamba juu yake utafute vilima na miti. Mabaka yakikauka fanya vichoro 12 vya sentimita 5 kwa 8, vyenye ngazi tatu tu za mwanga. Kumi vitakuwa takataka, usivionee huruma.

8. "Mbona Tingatinga hana upeo wa macho?" Swali hili huja kila mwaka, na ni zuri. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, mnyama alikaa juu ya rangi tupu ya hadibodi, bila bahari wala kivuli. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu sheria hiyo imeshika ubao mzima. Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere na Slade, chuo cha sanaa cha London, alipanga watu na migomba ya Uchagani kwenda juu ya picha badala ya kwenda mbali, tena kila kona. Mchoraji Etel Adnan alipaka mlima Tamalpais wa California kwa kisu, kanvasi ndogo imelala mezani, akaendelea kuupaka hata akiwa Paris. Mlima ukawa pembetatu moja na rangi nne tano. Michael Armitage wa Nairobi hupaka juu ya lubugo, gome la mutuba kutoka Uganda, na matundu na mishono ya gome anaiacha iingie kwenye picha. Wote hawa wameamua. Ninyi mna kanga yenye hesabu kamili mbele na mvuvi wa mita tano nyuma, halafu mnasema ni mtindo. Mkitaka kuvunja upeo, vunjeni hadi kwenye kanga.

9. Kioo. Itazame kazi ndani ya kioo kila baada ya saa moja, kilichopinda kitapiga kelele.

Na yule wa machweo ya Bagamoyo, kama jua lile bado bichi, chukua kitambaa chenye maji ulifute sasa hivi. Katika joto hili una kama dakika kumi na tano. Baada ya hapo ni msasa wa maji, na mkono wako.