Nussecken zako ulizikata zikiwa zimepoa

Bremen, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, barua yako imenikuta jikoni, mikono imejaa unga. Unauliza kwa nini Nussecken zako, vile vitafunwa vya Kijerumani vya pembetatu vyenye njugu juu, zimekuwa ngumu na zikapasuka ovyo ulipozikata, na kama unaweza kutumia zile korosho za Mtwara alizokuletea bibi. Kosa la kwanza nimeliona pale uliposema, "nikachemsha dakika kumi mpaka ikawa kahawia."

Hapo, mama, umepika peremende. Yale maji vijiko vinne yapo ili sukari iyeyuke. Ukizidi kuchemsha yanakauka, sukari inapata moto mkali, na ikipoa inaganda kama kioo. Mimi nayeyusha siagi gramu 200, sukari 200 na pakiti mbili za sukari ya vanila kwa moto mdogo. Mapovu ya kwanza yakitokea, naepua. Kahawia italetwa na oveni. Halafu natia Haselnüsse, yaani njugu za hazel, gramu 400, nusu zimesagwa na nusu zimekatwakatwa. Ukizisaga zote unapata uji mzito, ukizikata zote hazishikani. Acha zipoe dakika kumi kabla ya kuzimwaga juu ya kitako cha unga kilichopakwa jamu, la sivyo zitaikokota jamu yote upande mmoja wa treya.

Kitako chako hakina neno: unga gramu 300, siagi 130, sukari 130, mayai mawili, kijiko cha chai cha beking pauda. Ila unga uwe Type 405, ule mweupe laini. Umeniambia umenunua 1050 kwa ajili ya afya. Namba hiyo inahusu madini yanayobaki unga ukichomwa. Ikipanda, ujue na pumba zimeongezeka. Afya itafute kwenye mkate, binti yangu, Nussecken ziache.

Jamu ya aprikoti usiibadilishe kwa ya stroberi. Ule uchachu ndio unaokata mafuta, na ndiyo gundi ya tabaka mbili. Ukitaka matunda zaidi, katakata aprikoti kavu gramu 100 uzichanganye na njugu, upunguze njugu kiasi hicho hicho. Yule bibi wa ghorofa ya tatu aliyenifundisha aliziona kuwa ni kufuru, lakini alikula nne.

Sasa kukata, kosa la pili: ulizikata zikiwa zimepoa. Oka kwa nyuzi 180, dakika 25 hadi 30, mpaka juu paive na pembeni paanze kukolea. Toa, kisha usiende kuangalia simu. Zikiwa za moto kabisa zinamomonyoka, zikipoa zinapasuka. Baada ya kama robo saa, gusa katikati ya treya: kidole kikivumilia joto, ndiyo saa yenyewe. Tumia kisu kirefu, kandamiza kwenda chini, usikeketeze kama msumeno. Kata miraba ya sentimita nane, kisha kila mraba uupasue kona kwa kona upate pembetatu. Ukichelewa, rudisha treya kwenye oveni dakika chache zilainike. Vile vijipande vya pembeni ni mshahara wa mwokaji, usimgawie mtu.

Chokoleti iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, na tone la maji lisiingie. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifunika bakuli, mvuke ukadondoka ndani, chokoleti ikawa kama udongo wa mfinyanzi, na wageni wako mlangoni. Wewe ulikuwa na miaka minne, ukaila yote kwa kijiko. Chovya kona mbili zilizochongoka, ile ya tatu iache kavu upate pa kushika.

Na korosho? Zinafaa, ila usitumie korosho tupu. Korosho ni laini na tamu, wakati Haselnuss ina uchungu kidogo wa ngozi yake nyembamba unaoizuia sukari isikinaishe. Weka nusu kwa nusu. Kama bibi alizitia chumvi, zifute kwanza kwa kitambaa. Karanga usijaribu, nilijaribu mimi: zinameza ladha ya kila kitu.

Zikishakauka zitie kwenye kopo la bati, uzionje siku ya pili, ndipo zinapokuwa zimekolea. Za korosho nitumie sita, na uzifungie koponi, maana zile za mwaka jana ulizotuma kwenye bahasha nilizila kwa kijiko.

Baba yako