Kwa watoa mada wapya, kabla hamjashika maiki

Vijana wangu, nimekaa nyuma ya ukumbi kuangalia mazoezi yenu na nimetoka na kichwa kinaniuma. Karibu nyote mmeanza kwa "hebu fikiria", mkatembea jukwaani kwa mwendo mmoja, mkanyamaza pale pale wanaponyamaza wale wa kwenye video za TED, lile jukwaa la kimataifa la hotuba fupi. Nawapenda, ndiyo maana siwezi kukaa kimya.

1. Dakika 18 za TED ni kikomo tu, hakuna anayekudai uzimalize. Ukiwa umeshasema lako kwa dakika tisa, shuka.

2. Dai la afya lisikutoke mdomoni kabla hujalichunguza. Hapa nitakaa, maana kila mwaka narudia. Kijana kasimamisha ukumbi mzima, mikono kiunoni, dakika mbili, akisema mkao ule unapandisha homoni za kujiamini na kushusha za msongo. Kalitoa kwenye mada ya TED ya mwaka 2012 ya Amy Cuddy, mwanasaikolojia wa Marekani, iliyosimama juu ya utafiti wa mwaka 2010 wa watu 42. Mwaka 2015 watafiti wengine wakaurudia kwa watu 200: waliosimama vile walijisikia na nguvu zaidi, lakini homoni hazikubadilika. Mwaka 2016 Dana Carney, mwandishi wa kwanza wa utafiti ule wa mwanzo, akaandika hadharani kuwa haamini tena kwamba athari ile ipo. Video bado ipo, na nyinyi bado mnaibeba.

Mtaniambia kusimama mikono kiunoni hakumdhuru mtu. Sawa. Lakini angalieni nani kakaa mbele yenu: mama mwenye presha, mzee mwenye sukari. Kwetu huku, mtu akipewa maiki akapandishwa jukwaani, neno lake linachukuliwa kama la daktari. Leo umesema mkao unabadilisha homoni, kesho mwenzako atasema mdalasini unatosha kwa sukari, na yule mzee ataviacha vidonge vyake nyumbani kwa sababu "kijana msomi kasema". Basi ulizeni: nani kapima, kwa watu wangapi, nani karudia akapata vilevile? Mkikwama, muulizeni muuguzi wa kituo cha afya cha karibu kabla ya kulipeleka ukumbini. Yapo yaliyothibiti: Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mtu mzima aushughulishe mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Hayo semeni mpaka mchoke.

3. Njoo na kitu ulichokifanya kwa mikono yako. William Kamkwamba wa Malawi alipanda jukwaa la TED pale Arusha mwaka 2007. Aliulizwa maswali, akajibu kwa maneno machache, lakini kinu cha upepo alikuwa amekijenga kweli, na taa zilikuwa zimewaka kwao. Na msiende mbali hivyo. Pemba nilimsikiliza mama mmoja akizungumzia maumivu ya mgongo kwa wachambuaji karafuu. Alitandika jamvi, akamwaga karafuu mbichi, akakaa kama wanavyokaa siku nzima, kajikunja, akitenga makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Kisha akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia, akaweka ungo mapajani, na mgongo wake ukanyooka mbele ya macho yetu. Hakuwa na slaidi hata moja. Wanawake wa safu ya mbele walikuwa wanajaribu mkao ule kabla hajamaliza kueleza.

4. Jaribu maiki mapema, usipange mada ikakaribiana na Magharibi, na umeme ukikatika paza sauti uendelee.

Rasimu mpya nizipate kabla ya Ijumaa, na kila dai la afya liandikiwe pembeni limetoka wapi. Aliyekuwa na ile mikono kiunoni anitafute baada ya Laasiri, tuitengeneze pamoja; sauti yake ni nzuri na sitaki ipotee.