Re: Meza ya mvule imepasuka, na tundu nimelitoboa mahali pasipofaa

Ndugu wa Mbale, usiitupe hiyo mbao, mvule ni ghali mno siku hizi. Umeuliza kama uzibe ufa kwa vumbi la mbao na gundi. Mimi sikushauri: ukipaka vanishi, gundi hukataa rangi na doa huonekana toka mlangoni.

Weka kipepeo, yaani kipande cha mbao chenye umbo la kipepeo kinachozishika pande mbili za ufa zisiachane. Chonga kipande cha mfenesi (manjano yake juu ya kahawia ya mvule hupendeza sana) chenye kiuno chembamba na mabawa mawili. Nyuzi zake zipite kutoka bawa hadi bawa, zikiukata ufa. Ukizilaza sambamba na ufa kitavunjika kiunoni. Kilaze juu ya ufa, chora kwa ncha ya kisu, si kalamu, kisha chimba kwa patasi hadi karibu nusu ya unene wa mbao. Kiache kimechomoza kama milimita 2, na gundi ikikauka ndipo upige randa. Seremala George Nakashima kule Marekani alijijengea jina kwa meza za namna hii, nyufa zikiachwa wazi.

Lile tundu, lizibe kwa kigingi cha mfenesi huohuo, halafu toboa la pili upande wa pili lilingane nalo. Mteja atadhani ulipanga. Mimi niliwahi kufanya hivyo kwenye kabati, na mwenyewe akaniagiza lingine "lenye vile vidoti"!

Mbao ilikauka sawasawa lakini? Kama bado mbichi, subiri kwanza.