Riwaya kabla ya madaftari

Mwalimu anatoka skuli koo limemkauka, mkoba umejaa madaftari, na kichwani anajibizana na mkubwa wake aliyemsema mbele ya wanafunzi. Madaftari si kitu, yataisha. Yale majibizano ndiyo yanayomfuata mpaka kitandani. Simu haiyazimi: macho yanatazama picha, roho imebaki ofisini. Riwaya huyazima, kwa kuwa ukiacha kuifikiria hata kwa mistari mitano tu, umeshapotea njia na inabidi urudi nyuma.

Tatizo ni kwamba walimu tunasoma kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa tatu tu, tushaanza kusaka dhamira na tamathali za usemi. Hiyo ni kazi nyengine. Kalamu ibaki mkobani, na riwaya unayoisomesha darasani usiihesabu kabisa.

Kuchagua nako kuna hesabu yake. Said Ahmed Mohamed, mwana wa Pemba, ni fundi mkubwa, lakini siku uliyodhulumiwa kazini usifungue Utengano (1980). Dhuluma za Bwana Maksuudi nyumbani kwake zitakuongezea moto. Iweke mpaka likizo, uipe haki yake. Siku nzito anza na upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale (1960) au Siri ya Sifuri (1974), vya Mohammed Said Abdulla. Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu hivyo, na mtemba wake hukuachia swali, na swali ndilo linalokurudisha kesho. Ukishazoea, ingia Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Kiswahili chake ni cha mitaa ya Unguja unayoipita kila siku, na Yasmin akishamkimbia mumewe, Bwana Raza, kitabu hakiwekeki tena.

Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, kabla hujafungua daftari hata moja. Wengi hufanya kinyume: wanasahihisha mpaka usiku, kisha wanasoma kitandani na kulala ukurasa wa pili, halafu wanasema riwaya haziwafai. Wa mkondo wa mchana asome asubuhi kabla ya kutoka. Kaa kitako barazani au penye mwanga, simu iwe chumba chengine, dakika 25. Kwa mwendo wa kawaida hizo ni kurasa 12 hadi 15, na kitabu cha kurasa 200 kinakwisha kwa wiki mbili au zaidi kidogo. Usikomee mwisho wa sura, maana hapo hadithi imetulia na kesho hutaikumbuka. Komea katikati ya kisa, mtu ndiyo kwanza anabisha mlango.

Ukiona ukurasa mmoja umeusoma mara tatu bila kuingia, usijilazimishe. Chukua karatasi, andika lile linalokukera kwa sentensi moja, ikunje, kisha endelea kwa sauti, hasa penye mazungumzo. Wiki za mitihani punguza hadi kurasa tano, lakini usiache. Ukikaa siku kumi unasahau nani mtoto wa nani, na kitabu kinabaki hapohapo. Majina ya wahusika yaandike kwenye kipande cha karatasi, kiwe ndiyo alama yako ya ukurasa.

Dakika zikitimia, funga na usahihishe madaftari 20. Mwalimu anayejificha ndani ya riwaya huku madaftari yanapandana anajitengenezea kero mpya. Na kama umecheleweshewa daraja, riwaya haikupandishi. Andika barua yenye tarehe, weka nakala, nenda kwenye chama cha walimu.

Vitabu ni ghali, basi walimu watano wachange, kila mmoja anunue kimoja na wapokezane kila wiki mbili. Wakati wa masika usivibananishe na ukuta, hasa nyumba za mawe: acha nafasi ya vidole vinne hewa ipite. Kikishika ukungu, kifute kwa kitambaa kikavu na ukianike kivulini kikiwa wazi. Juani gundi hukauka, na kurasa zikaanza kuchomoka.