Dijonkteri peke yake hailinde mutu

Mimi ni fundi umeme hapa Goma, na karibu kila atelie ya sudire ao mulini ninaingia, patro ananionyesha kwanza dijonkteri, ile yenye inakata umeme ukipita kiasi: "Fundi, siye hapa hakuna shida." Apana bandugu. Ile dijonkteri ya ampea 16 inalinda waya zisiungue, mutu haimulinde. Miliampea 10 hivi zinatosha kukaza mukono mpaka ushindwe kuachilia chuma, na zikipita mu kifua kuanzia 30 hivi moyo unaweza kuanza kutetemeka ovyo, hausukume tena damu. Ampea 16 ni miliampea 16,000! Mutu atakufa na dijonkteri haijashuka.

Kenye kinaokoa mutu ni diferansieli ya miliampea 30. Yenyewe inalinganisha umeme wenye umeenda na wenye umerudi, ikiona kuna wenye umepotelea pengine inakata mara moja. Bei yake inauma, najua, lakini patro anunue hiyo mbele ya mashini ingine yoyote, na ile kifungo ya test muifinye kila mwezi.

Halafu kuko tera, ile waya yenye inapeleka mu udongo umeme wenye umetoroka. Hapa kwetu njo kazi nguvu, juu mji umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, piketi, ile chuma ya tera ya kupigilia chini, haiingie, na hata ikiingia lava kavu haipitishe umeme vizuri, basi mafundi wengi wanakata ile waya ya kijani na njano wanaiacha hivyo. Niliona kijana mumoja Ndosho anasudire chini ya bashi, mvua inanyesha, viatu vyote maji, posti, ile mashini ya kusudire, ikamukamata, alipona sababu mwenzake alikimbilia kukata umeme badala ya kumuvuta. Ile posti haikukuwa na tera hata kidogo. Kama piketi inakatala, mutafute kwenye kuko udongo, muchimbe mufereji murefu, mulaze kabo ya shaba tupu, mufunike na udongo wenye kushika maji, kisha fundi apime. Musiamini macho.

Mutu akikamatwa, musimuguse mbele umeme haujakatwa. Akiwa hapumue, mumufinye katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, bila kuchoka, mupokezane. Na hata akisimama akasema "niko sawa", mumupeleke hospitali siku ile ile, juu alama ndogo ku kidole inaweza kuficha nyama yenye imeungua ndani, na mukojo ukitoka mweusi kama koka, figo ziko hatarini, musingoje asubuhi.