Wasomaji wanauliza: H. pylori, kinga ya mwili na vinasaba

SWALI: Nyumbani tumepimwa H. pylori, bakteria wa tumboni, na watatu tumekutwa nao. Mimi nina kidonda mwanzoni mwa utumbo mwembamba, mama ana tindikali kidogo mno tumboni, na kaka yangu hana dalili yoyote. Tuliambiwa tofauti hizi ni mambo ya vinasaba. Vinasaba gani hivyo, na je, tukavipime?

JIBU: Mlichoambiwa kina ukweli, ila kuna mambo mawili ya kutenganisha: nani anaambukizwa, na nani anaumia akishaambukizwa. Vinasaba vya kinga vinagusa yote mawili, lakini uzito wake uko zaidi kwenye la pili.

Bakteria hawa huingia mwilini utotoni kwa wengi, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumba moja, kupitia mate, matapishi au kinyesi. Wasipotibiwa, kwa kawaida hukaa maisha yote, kwa sababu wanajua kuikwepa kinga. Mikia yao ya kuogelea imeundwa kwa namna ambayo kipokezi cha TLR5 (kitambuzi cha kinga), kinachotambua mikia ya bakteria wengine wengi, hakiioni. Mwaka 2013, uchunguzi wa watu zaidi ya 10,000 nchini Ujerumani na Uholanzi ulionyesha kwamba tofauti katika eneo la jeni (kinasaba) ya kipokezi kingine, TLR1, zinaendana na uwezekano wa mtu kuwa na kingamwili dhidi ya H. pylori. Zingatia neno kingamwili: kilichopimwa ni alama ya maambukizi kwenye damu, si bakteria wenyewe.

Sasa madhara. Kinga ikipambana na bakteria hawa hutoa kemikali iitwayo interlukini-1 beta. Kemikali hii huchochea uvimbe wa ukuta wa tumbo na wakati huohuo huzuia kwa nguvu utoaji wa tindikali. Watu hutofautiana katika jeni yake, IL1B, na katika IL1RN, jeni ya protini inayoituliza. Mwaka 2000, utafiti uliofanyika Scotland na Poland ulihusisha baadhi ya aina za jeni hizo na upungufu wa tindikali na saratani ya tumbo kwa wenye H. pylori. Katika jamii za Asia uhusiano huo haukujitokeza kwa uthabiti uleule, kwa hiyo usiichukue jeni moja kuwa hukumu.

Picha ya familia yenu inaelezeka hivi. Uvimbe ukikaa sehemu ya chini ya tumbo, tindikali huongezeka na kidonda huelekea kutokea kwenye utumbo mwembamba, kama chako. Ukienea tumbo zima, tezi za tindikali hufa polepole, jambo linaloweza kueleza upungufu wa tindikali wa mama, na hapo ndipo hatari ya saratani hupanda. Aina ya bakteria (hasa wenye jeni ya cagA), chumvi nyingi na sigara navyo vina sehemu yake.

Kupima vinasaba hivi hatushauri. Jibu lolote litakalotoka halibadilishi tiba: mwenye maambukizi yaliyothibitishwa anastahili kutibiwa, hata kaka yako asiye na dalili. Fedha na nguvu zielekezeni kwa mama. Anahitaji kipimo cha kamera inayoingizwa tumboni, na vinyama vya kupimwa vichukuliwe sehemu ya chini na ya kati ya tumbo, viwekwe kwenye vichupa tofauti. Tezi zikionekana zimekufa sehemu kubwa, atahitaji kurudia kipimo hicho kila miaka 3. Pia, kwa tumbo ambalo tezi zake zimekufa, kipimo cha pumzi kinaweza kusema hakuna bakteria ilhali wapo.

SWALI: Nilimaliza dawa miezi miwili iliyopita, lakini kipimo cha damu bado kinasema nina H. pylori. Je, kinga yangu ni dhaifu?

JIBU: Hapana. Kingamwili hubaki kwenye damu kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Rudia kwa kipimo cha pumzi au cha antijeni (chembe za bakteria wenyewe) kwenye kinyesi, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki na bismathi. Omeprazoli na jamii yake, dawa za kupunguza tindikali, ziachwe wiki 2 kabla ya kipimo, la sivyo bakteria waliopungua wanaweza wasionekane.

Wakiwa bado wapo, sababu ya kawaida ni usugu wa bakteria kwa dawa, hasa antibiotiki ya klarithromaisini, au dozi zilizorukwa. Usirudie dawa zilezile. Tiba ya dawa nne kwa siku 14 (omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli) hukwepa usugu huo. Usinywe tetrasaiklini pamoja na maziwa. Kinyesi cheusi wakati wa bismathi ni kawaida, lakini kikiwa kama lami na ukasikia kizunguzungu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kuna jeni moja inayogusa tiba moja kwa moja, ingawa si ya kinga: CYP2C19 ya ini. Wenye aina yake ya kasi huivunja omeprazoli upesi, tindikali ikabaki juu na antibiotiki zikapungua nguvu. Kwao daktari anaweza kupandisha dozi au kutumia rabeprazoli, ambayo haitegemei sana jeni hiyo.